Mfasiri wa Butiama

Sisi Waikizu tuna dai letu juu ya Julius Kambarage Nyerere, na hatujalificha hata siku moja. Nyumbani kwetu Nyamuswa, upande wa Bunda, wazee walisimulia kwamba Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu alikuwa rafiki wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki wa Butiama, na kwamba alipomtembelea alicheza bao na mtoto mmoja wa kiume wa mwenyeji wake. Mtoto alikuwa mchunga mifugo tu, lakini alizihesabu kete kwa macho kabla mkono haujazigusa. Makongoro akamshauri rafiki yake ampeleke shule. Mwaka 1934 mtoto huyo, Kambarage, akiwa na umri wa miaka 12, alishika njia ya Musoma, maili 26 kutoka Butiama, kwenda kuanza shule Mwisenge.

Hadithi hiyo nimeisikia tangu utoto wangu, na kila msimulizi aliiongezea chumvi yake. Kitu kimoja hakikubadilika. Wazee wetu walijivunia kwamba mtemi wao aliitambua akili kabla haijajua kusoma. Hakuna aliyesema Makongoro alimtambua rais. Walisema alimtambua msomi.

Nimeshafundisha, nimestaafu, na sasa vijana wanaoandika tasnifu zao hunijia hapa Bunda kuniuliza habari za Mwalimu Nyerere. Wanataka TANU, Muungano, Azimio la Arusha, vita vya Kagera. Hayo yamesemwa na waliokuwa karibu nayo. Mimi ninachoweza kukitolea ushahidi ni upande wa vitabu, kwa kuwa huko ndiko maisha yangu yalikopita. Na ninaamini kabisa kwamba upande huo ndio uliokuwa wake wa kwanza, na ndio uliobaki naye mwisho. Urais ulikuja katikati.

Niliingia sekondari mjini Musoma mwaka 1966. Ulikuwa mwaka wa kusikiliza redio kwa hofu. Januari wanajeshi walikuwa wameiangusha serikali ya Nigeria. Februari 24 Nkrumah akapinduliwa Ghana akiwa safarini Asia. Na sisi wenyewe hatukuwa tumesahau Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi Dar es Salaam. Katika hali hiyo ndipo mwalimu wetu wa Kiswahili alipoingia darasani na nakala chache za tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, chapa ya Oxford University Press ya 1963, mfasiri Julius K. Nyerere.

Hebu fikirini. Tanganyika iligeuka kuwa jamhuri Desemba 1962. Mwaka uliofuata rais wake anatoa kitabu ambamo waheshimiwa wa baraza wanamchoma visu mtawala wao kwa kuogopa atajifanya mfalme. Anakitafsiri kwa mkono wake mwenyewe, kwa lugha inayosikiwa sokoni, na kinasomwa shuleni. Kuna watawala ambao wangemfunga mtu mwingine kwa kazi kama hiyo. Tulikuwa watoto, lakini hilo tuliliona, na tulinong'onezana bwenini.

Mwalimu wetu aliamua tuigize. Hatukuwa na jukwaa, tukaigiza uwanjani jioni, jua likielekea ziwani. Mashuka ya bweni yakawa kanzu za Kirumi, wino mwekundu wa kusahihishia ukawa damu. Walikuja wazazi, kina mama wa sokoni, wavuvi kutoka Mwigobero waliokuwa bado hawajatoka na mitumbwi yao, na wazee kadhaa waliowekewa viti mbele. Wengi wao hawakujua kusoma. Roma kwao ilikuwa mahali anapokaa Baba Mtakatifu, basi.

Ilipofika sehemu ya mazishi ya Caesar, Brutus, mmoja wa wauaji, akasimama akaeleza kwa nini wamemuua rafiki yake. Alisema vizuri, kwa ufupi, kama mtu anayeheshimu wasikilizaji. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Kisha akamwachia Mark Antony, rafiki wa Caesar, maiti na umati, akaondoka. Antony akaanza polepole, akimsifu Brutus, na kadiri alivyomsifu ndivyo alivyombomoa. Niliwatazama wale wazee. Nyuso zao ziligeuka mbele ya macho yangu, sawasawa na umati wa Roma. Wakati kelele za kulipiza kisasi zinaanza, mzee mmoja alisimama na fimbo yake akatupigia kelele sisi waigizaji: "Wanangu, ngojeni kwanza! Mwiteni yule wa mwanzo arudi. Hapa mtu hasemewi akiwa hayupo."

Mchezo ulisimama. Aliyekuwa Brutus alichungulia kutoka nyuma ya shuka, hana la kusema, kwa sababu kitabuni hana zamu pale. Mwalimu wetu akamsogelea mzee, akamwomba kwa adabu aturuhusu tuendelee, na tukaendelea. Lakini kesho yake darasani hakufundisha kitu kingine chochote. Alituambia kwamba mzee yule ameliona kosa kuu la Brutus: alidhani kusema ukweli kunatosha, akaondoka barazani kabla hajajibiwa. Watu wa Mara ni watu wa baraza. Mzee hakuhitaji kuelezwa siasa za Roma. Alihitaji tu zimfikie kwa lugha anayoisikia.

Tangu jioni ile nilijua kazi ya kutafsiri ni kazi gani.

Mwaka 1969, mwaka wangu wa mwisho pale, chapa mpya ikatoka, sasa kwa jina la Juliasi Kaizari, na pamoja nayo Mabepari wa Venisi. Chapa ile mpya alikuwa ameipitia na kuisahihisha Nyerere mwenyewe. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili tu. Elimu ya Kujitegemea imeshaandikwa, Baraza la Kiswahili limeundwa, benki zimetaifishwa, nchi nzima inamngoja yeye, na yeye anarudi kwenye mistari aliyoitoa miaka sita nyuma, kuirekebisha. Nimewasimulia wanafunzi wangu jambo hilo miaka yote niliyosimama ubaoni, kila waliponung'unika kurudishiwa insha.

Kisha likaja suala la kisomo.

Mwaka 1970 ulitangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwetu kandokando ya ziwa mambo yalikuwa yameanza mapema kidogo. Tangu 1968 serikali na UNESCO walikuwa na mradi wa majaribio, makao yake Mwanza, uliohusu mikoa minne ya Kanda ya Ziwa, na Mara ilikuwamo. Uliitwa kisomo chenye manufaa. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa maneno ya pamba, mvuvi kwa maneno ya nyavu na samaki, mfugaji kwa maneno ya ng'ombe. Mimi nilipotoka chuo cha ualimu nilipangiwa shule ya msingi karibu na Bunda mjini, chini ya mlima Balili. Asubuhi nilifundisha watoto, alasiri wazazi wao. Vijana waliomaliza darasa la saba walijitolea kufundisha nasi, na posho yao ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi.

Wengi wa wanafunzi wangu wa alasiri walikuwa kina mama. Walikuja kutoka shamba, jembe begani, mtoto mgongoni. Wakati wa mavuno ya pamba walikuja na nyuzi nyeupe zimeng'ang'ania kwenye khanga. Mama mmoja, mtu mzima wa umri wa mama yangu mzazi, aliniambia siku ya kwanza bila kuzunguka: "Mwanangu, mimi nataka kusoma karatasi ya mizani. Mengine utanifundisha ukipenda." Miezi michache baadaye alisimama kwenye kituo cha kununulia pamba, akaisoma stakabadhi yake mbele ya karani, kilo kwa kilo, senti kwa senti, na foleni nzima ikanyamaza kumsikiliza. Nilikuwapo. Ningependa mjue kwamba hakuisoma kwa sauti kubwa. Aliisoma kwa utaratibu, kidole chini ya kila tarakimu.

Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kuwa kama theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Baada ya mtihani wa kitaifa wa Agosti 1975 idadi hiyo ilihesabiwa kuwa imeshuka hadi asilimia 39. Takwimu hizo zimeandikwa katika vitabu vya dunia nzima. Mimi ninachokumbuka ni madawati ya watoto yaliyojaa wazee siku ya mtihani, magoti yakigonga ubao wa juu, na harufu ya penseli mpya.

Lakini hapo ndipo swali lililonisumbua lilipozaliwa. Kumfundisha mtu kusoma bila kumpa cha kusoma ni kumjengea ghala asiye na shamba. Tulipata gazeti letu la kanda, Elimu Haina Mwisho, lililoanza 1974, na lilikuwa gazeti jema, lenye habari za mbolea, maji safi na ushirika. Wenzangu waliridhika nalo. Mimi sikuridhika. Jioni moja niliwasomea wale waliofikia hatua ya nne hotuba za Brutus na Antony, nikaona macho yaleyale niliyoyaona Musoma. Watu hawa walikuwa na njaa ya mambo makubwa: uaminifu na usaliti, haki ya kumpinga mkubwa, mtoto aliyepotea, mfalme asiyesikia. Nikaelewa kwamba aliyetangaza kampeni ya kisomo na aliyemtafsiri Shakespeare hakuwa akifanya kazi mbili. Ilikuwa kazi moja, na upande mmoja hauna maana bila mwingine. Sioni mtu mwingine katika uongozi wetu wa wakati ule aliyezibeba pande zote mbili.

Siwezi kutoa ushahidi huu nikaruka mwaka 1974. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mwaka uliofuata operesheni ya kuhamisha watu ikafika Mara. Niliona mapaa yakiezuliwa wenyewe wakitazama. Niliona vitanda, mitungi na kuku vikipakiwa kwenye malori, na mtama ukiachwa shambani. Baadhi ya wanafunzi wangu walipelekwa mbali na madaftari yao, na wengine hawakurudi tena darasani kokote. Nilikasirika, na hasira hiyo sijaimaliza. Mtu aliyekuwa ametushawishi kwa hoja miaka yote ile safari hii aliacha kushawishi. Ninayasema haya kwa sababu ninampenda, na kwa sababu yeye mwenyewe, katika maandishi yake ya ujamaa, alikuwa ameonya kuwa watu hawalazimishwi kuingia katika vijiji vya namna hiyo.

Miaka ya themanini nilipata kazi ya pembeni nyakati za likizo: kuwasaidia wageni mazoezi ya Kiswahili katika shule ya lugha ya Wamaryknoll, wamisionari Wakatoliki, pale Makoko, Musoma. Palikuwa na maktaba, na palikuwa na padri mmoja mzee aliyependa kuazimisha vitabu. Yeye ndiye aliyenipa kitabu juu ya wanazuoni wa Ulaya wa zama zile ambazo elimu ya Wayunani na Warumi ilifufuliwa, karne ya 15 na 16. Humo nilikutana na Erasmus wa Rotterdam na rafiki yake Thomas More wa London.

Nilikisoma kitabu kile usiku kucha. Mwaka 1516, mjini Basel, Erasmus alichapisha Agano Jipya kwa Kigiriki pamoja na tafsiri yake mpya ya Kilatini, na katika dibaji yake alitamani siku moja mkulima ayaimbe maneno hayo nyuma ya plau, mfumaji ayaimbe kwenye kitanda chake cha kufumia, na msafiri apunguze urefu wa njia kwa habari zake. Mwaka uleule aliandika kitabu cha kumshauri kijana aliyekuwa akielekea kuwa mfalme mkuu wa Ulaya. Mwaka uleule More akatoa Utopia, kisiwa ambacho mali ni ya wote na hakuna anayeishi kwa jasho la mwenzake. Watu wale waliishi kwa kutafsiri, kufundisha, kubishana na vitabu vya kale na kuwaambia wakubwa ukweli. Mbele yangu nikaiona sura ya mtu ninayemfahamu, anayekaa mwendo wa saa chache kutoka Makoko.

Nilipomweleza padri, hakushangaa. Aliniambia habari ambayo Wamaryknoll wa Musoma wote waliijua. Machi 1955, baada ya kutoka New York alikokwenda kuitetea Tanganyika mbele ya Umoja wa Mataifa, Nyerere alitakiwa achague kati ya ualimu wa shule ya Pugu na siasa. Akaacha kazi, akarudi nyumbani bila mshahara, ana mke na watoto. Wamaryknoll, waliokuwa wameingia Musoma mwaka 1946, wakampa kazi kwa miezi kadhaa: awafundishe Kizanaki, na awatafsirie kwa Kizanaki masomo ya Misa za Jumapili. Kwa hiyo mwaka ule ambao Waingereza walimwona kuwa mchochezi, mwenyewe alikuwa Mara, ameinamia Injili na Nyaraka za Paulo, akitafuta namna Mzanaki angelisema hili na lile.

Hapo nikaiona njia yake yote kwa namna nyingine. Akiwa Mwisenge, rafiki yake Mang'ombe Marwa alimvuta kwenda mafundisho ya dini katika misheni ya Nyegina, na Nyegina ndiko alikobatizwa Desemba 1943. Chuoni Makerere aliandika insha akiyapima mawazo ya John Stuart Mill kuhusu kutawaliwa kwa wanawake kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki, yeye mtoto wa mke wa tano katika mji wenye wake 22. Edinburgh, 1949 hadi 1952, alisoma historia, uchumi na falsafa. Kila mahali anachukua kitabu cha mbali na kukiuliza swali la nyumbani. Huo ndio uanazuoni aliokuwa nao Erasmus, na kwa jambo moja Mwalimu alimpita: Erasmus aliyetamani mkulima aimbe aliandika maisha yake yote kwa Kilatini, lugha ambayo mkulima hakuijua.

Na kuhusu More, niliposoma kwamba mwandishi wa Utopia alipokuja kuwa Chansela wa mfalme aliwaandama watu kwa ajili ya imani yao, na wengine wakachomwa moto, nilikifunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nikifikiria mapaa ya 1974. Ni vigumu mwenye kitabu kushika na dola.

Novemba 1985 Mwalimu aling'atuka urais, na 1990 akaacha uenyekiti wa chama tawala, CCM. Nami wakati huo nilikuwa nimehamishiwa Butiama kufundisha. Msidhani nilikuwa mtu wa kuingia nyumbani kwake. Nilimwona kama kijiji kizima kilivyomwona: kanisani asubuhi, shambani, au amekaa na wazee wenzake kwenye bao. Alipocheza bao alikuwa mtoto yule wa hadithi ya Makongoro, na wazee hawakumpa ushindi wa bure, kwa kuwa pale hakuwa rais wa mtu. Watu wa nje waliokuja na magari yao walitarajia kuona mtu aliyepumzika. Hakupumzika. Kuanzia 1987 aliongoza Tume ya Nchi za Kusini, iliyotoa ripoti yake mwaka 1990. Wabunge walipotaka Serikali ya Tanganyika mwaka 1993, aliikataa hoja yao akaandika Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kitabu kidogo chenye ukali ambao waliomjua kwa upole tu hawakuutegemea. Maktaba yake ilikuwa pale nyumbani kwake Mwitongo, na tulijua kuwa alikuwa akiandika kwa mkono. Alimtafsiri hata Plato, ile Jamhuri yake, na mswada wenyewe ni mwandiko wake.

Mwaka 1996 aliitwa kuwapatanisha Warundi. Mwaka huohuo Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho walitoa kazi ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote alizoandika: Injili nne, za Mathayo, Marko, Luka na Yohana, na Matendo ya Mitume, zote kwa utenzi.

Ninaomba nikae hapa kidogo, maana watu hupita haraka. Utenzi una mistari minne kwa ubeti, mizani nane kwa kila mstari. Mitatu ya kwanza inafanana vina, na wa nne unabeba kina kimoja kinachokwenda kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ni bahari ya ushairi wa pwani. Mwana Kupona aliitumia karne ya 19 kumuusia binti yake, Shaaban Robert aliitumia kusimulia vita vya dunia, na Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alikuwa ameshatunga utenzi wa Injili mwaka 1963 na wa Zaburi mwaka 1965. Sasa chukua Injili nzima, na maneno ambayo huruhusiwi kuyapunguza wala kuyazidisha kwa kuwa ni matakatifu kwako, uyaingize yote katika mizani nane nane, sura baada ya sura, vitabu vitano. Mzee wa miaka zaidi ya 70, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kizanaki. Zipo beti ambazo sikioni mwangu kina kimeiburuta maana. Zipo nyingi zaidi ambazo mtu akizisikia mara moja hazimtoki, na hilo ndilo lililokuwa lengo: kitabu kiingie kichwani hata mwa asiyekishika mkononi.

Nilizinunua Musoma, kwenye duka la vitabu vya dini, nikarudi nazo Bunda, maana wakati huo nilikuwa nimeshahamia huku. Jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ilikutana kila wiki kwa zamu majumbani, na kwa kawaida msomaji alisoma Injili ya Jumapili, watu wakatafakari. Nilipendekeza tujaribu utenzi. Kijana mmoja mwenye kidato cha nne akasoma Luka, habari ya baba mwenye wana wawili, na akaisoma kama taarifa ya habari. Ikapita hivihivi. Ndipo yule mama wa karatasi ya mizani, sasa bibi, miwani imefungwa uzi, akasema: "Mwalimu, hii haisomwi. Nipe mimi." Akashika kitabu mbali kidogo na uso, akaanza kughani kwa lahani ya nyimbo zetu za kupalilia, ile ambayo mstari wa mwisho huitikiwa na wote. Kina cha mwisho kilikuwa kilekile kila ubeti, kwa hiyo kufikia ubeti wa tano au wa sita watu walikuwa wanakingoja na kukiitikia. Mtoto mpotevu alipofika nyumbani, kina mama walikuwa wamesimama.

Nilikuwa nimewafundisha Kiswahili wageni wasomi na watoto wa nchi hii kwa miaka mingi. Sijapata kuona maandishi yakifika mwisho wa safari yake waziwazi namna ile. Yameandikwa kwa Kigiriki, yamepita Kilatini na Kiingereza, yamepita Edinburgh na Ikulu, yakaingia mdomoni mwa mkulima wa pamba wa Balili aliyejifunza herufi akiwa mtu mzima kwa kampeni ya mtu yuleyule aliyeyatungia vina. Baada ya hapo hatukusoma tena. Tulighani.

Mwalimu alifariki London, hospitali ya St Thomas', tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama tarehe 23. Nilikwenda, kama alivyokwenda kila aliyeweza kutembea. Barabara kutoka Makutano ilijaa watu kwa miguu, wengine wametoka Bunda na Serengeti usiku. Hotuba zilikuwa nyingi na zilistahili. Zilitaja uhuru, umoja, ukombozi wa kusini mwa Afrika. Nilisikiliza kwa makini nikingoja mtu aitaje Juliasi Kaizari au tenzi. Makumbusho yake pale Butiama yalifunguliwa mwaka uleule, na ninawaambia vijana wanaonijia: mkienda, msiishie kwenye picha za marais na zawadi za mataifa. Ombeni kuonyeshwa maandishi.

Tenzi zenyewe siku hizi nimezitafuta madukani mjini Musoma bila mafanikio. Nakala zangu zimeshikwa na mikono mingi, jalada la Marko limetoka, na nimewahi kukataa kuziuza kwa mtu aliyezitaka kwa bei nzuri. Zinatakiwa zichapishwe upya, kwa herufi kubwa, kwa bei ya mkulima, na ziwekwe kwenye simu zikiwa zimeghaniwa, kwa sababu vijana wako huko. Wizara zetu zinajua kugharamia mambo madogo kuliko hili.

Wiki ile ya mazishi jumuiya yetu ilikutana nyumbani kwa bibi. Tulikuwa katikati ya Matendo ya Mitume, Paulo akiwa bado safarini. Mmoja akauliza kama tusimame kwanza kwa ajili ya msiba, bibi akasema mfiwa hazuiwi kuimba. Matendo tuliyamaliza mwaka 2000 kabla ya mvua za vuli, kisha tukaanza Luka upya, kwa kuwa walikuwapo wanajumuiya wapya ambao walikuwa hawajaisikia.